Muhoro wa mama Onesphory mkononi mwa mzimu

Vestina, uko wapi?? Mbavu sina 😂

Ile filamu ya kutisha ya Onesphory, aliyoirekodi kule Kimwani, leo baada ya misa imeonyeshwa ukumbini hapa Kaagya. Mama yake kakaa mbele kabisa, rozari mkononi, anasali kwa woga.

Mzimu ukatokea migombani, ukainua muhoro umkate mtu. Mama Onesphory akaona mpini uliofungwa mpira mwekundu. Woga ukamwisha papo hapo. Akasimama: "Mawe, mama wee! MUHORO WANGU!"

Muhoro wake wa kupogolea migomba, Vestina! Ule aliosema jirani yake Kokuberwa kauiba, hawasalimiani tangu Pasaka!

Basi Kokuberwa naye akasimama, akanyooshea kidole bunduki ya yule aliyetaka kukatwa: "Na huo mtutu wa bunduki ni mrija wa pampu yangu ya kupulizia kahawa!"

MUHORO WANGU! Mbele ya paroko!!

Wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Onesphory akachomoka kwa mlango wa nyuma.

Sasa ukumbi mzima unataka filamu irudiwe, kila mtu anatafuta chake.

Na lile shuka lako jeupe lililopotea kwenye kamba... mzimu umelivaa mwanzo hadi mwisho.