Dorca alivyosalimia mkahawa mzima Tokyo

Wangui, niko hapa soko la Kibuye nacheka peke yangu, watu wananiangalia. Shangazi Dorca amenisimulia kwa simu sasa hivi alichofanya Tokyo mwaka wa tisini na mbili.

Alikuwa mwanafunzi, anaenda mkahawa wa kahawa kukutana na profesa mmoja mkali wa kuamua kama ataendelea na masomo. Akaingia vile tunaingia nyumba ya watu kwetu Kisian, akaanza kusalimia kwa mkono.

Kila mtu, Wangui. Meza baada ya meza.

Katikati akagundua mkahawa umenyamaza, kumbe kule mtu hasalimii asiowajua. Lakini angeachaje? Kumruka mtu ni matusi.

Akadhani amemaliza. Jasho linamtoka, profesa haonekani. Akageuka atoroke.

Kwenye kona, gazeti lililomfunika mtu likashuka. Profesa, mkono ameshaunyoosha.

"Mimi umeniruka."