Jina la Kijidudu cha Migombani

Magwagwa, Jumapili

Kaka Machogu,

Sisi tupo, chai imechipua, na ng'ombe amezaa ndama jike. Kile kijidudu changu cha uyoga kimethibitishwa kuwa spishi mpya. Ni kidogo kuliko mbu, kina kibyongo na miguu mirefu, na mabuu yake hula ukungu kwenye migomba inayooza. Kukipa jina ni juu yangu.

Ulichosikia kuhusu Mama ni kweli. Ndiye aliyekinasa. Kila jioni alitundika chupa zangu za mtego migombani, kisha akaziinua kwenye taa aone kilichoingia. Baba mdogo Ogeto, ambaye ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa, akamwona. Hakuuliza. Alikuja na kundi la vijana wakipiga kelele, "Omorogi! Mchawi anafuga wadudu!" Ogeto mwenyewe alimvunja Mama taya kwa mpini wa jembe, wakateketeza nyumba ninamokuza uyoga, Mama akiwa ndani. Nilipomburuta kutoka motoni nywele zilikuwa zinaungua, na chupa moja bado ameikumbatia.

Unasema unanoa panga. Liweke chini. Ukimkata Ogeto, kaburi lake litaota nyasi asahaulike. Jina la spishi likishachapishwa halifutwi, nami kijidudu nimekiita kwa jina lake: *ogetoi*, mla uozo.

Nilipomsomea Mama jina hilo alicheka, damu ikamchuruzika kwenye nyaya alizofungwa taya hospitalini. Akanong'ona, "Hakikisha hujakosea herufi."

Dada yako aliyekasirika kuliko wewe,
Nyamusi