Sauti Niliyoisikia Nikiwa Xi'an

Baba,

Assalaam alaykum. Asubuhi hii nilikuja kaburini kwako. Nimeng'oa majani upande wa miguuni, maana mvua za mwaka huu zimeyapa nguvu, halafu nikakaa chini nikashindwa kusema lolote. Ndiyo maana nimerudi nyumbani naandika. Mama yuko ndani. Hajui naandika nini.

Nikupe kwanza habari za hapa Nandagala. Tanuru lako la mwisho halikuchomwa. Matofali mabichi uliyoyapanga kwa mkono wako yalinyeshewa, yakalainika, na sasa ni rundo la udongo, kuku wanachakura juu yake. Mikorosho anaiangalia Mjomba. Mama halali tena chumbani kwenu, analala na Shangazi Somoe chumba cha mbele. Na kaka Shaibu hayupo. Amehamia Nachingwea, anachomelea mageti. Tangu usiku ule niliporudi kutoka China hajakanyaga hapa. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie, lakini nipe nafasi, Baba. Siwezi kulisema mara moja.

Unakumbuka uliponisindikiza stendi ya Ruangwa? Kila aliyepita ulimsimamisha: "Huyu binti yangu anakwenda China kusomea majengo." Kondakta akakuuliza China sehemu gani. Ukajibu, "Shiani, walikokuwa wanakaa wafalme." Jina hilo ulikuwa umelifanyia mazoezi wiki nzima.

Halafu zikaja Ijumaa zetu. Ukitoka msikitini unanipigia, nami kule jua linazama. Hukuniuliza kama nimeshiba. Uliuliza kama fundi. Nilipokueleza kwamba mfalme wao wa kwanza alizikwa na maelfu ya askari wa udongo, kila mmoja na sura yake, uliuliza, "Waliwachoma kwenye tanuru?" Ndiyo, Baba. "Na wasipasuke?" Ukacheka kwa furaha kama vile ulikuwepo. Kisha ukasema polepole, "Na yeye hawakumsaidia kitu."

Msikiti hukuuamini mpaka nilipotuma picha kwenye simu ya Shaibu. Msikiti mkongwe, katikati ya mji wa Wachina, mapaa yake yamepinda pembeni kama ya mahekalu yao, na mnara wake hata haufanani na mnara. Nikakusimulia mitaa ya jirani, wazee wenye kofia nyeupe wanavyomega mkate vipande vidogo vidogo ndani ya bakuli kabla ya kumwagiwa supu ya kondoo. Ulikwenda na picha ile kwa wazee wenzako, na simu ya Shaibu ikarudi imezima kabisa.

Mara ya mwisho hukupiga Ijumaa. Ulipiga Jumatano.

Sauti yako ilikuwa nyembamba. Ukaniuliza kuhusu ukuta uliouzunguka mji wa kale, ule niliokwambia watu wanaendesha baiskeli juu yake. "Ndani kuna nini? Ni tofali tupu, au wamejaza kitu?" Nikasema sijui, nitauliza. Wakati huohuo nikasikia mwanamke karibu yako akisema, "Baba wa kitanda cha sita, weka simu, tubadilishe dripu."

Nikakuuliza uko wapi. Ukasema, "Niko sokoni Nachingwea, nauza ufuta."

Baba, sokoni hakuna vitanda.

Nilijua. Hili sijamwambia mtu. Nilikuwa na mtihani kesho yake, na mingine mbele yake, na nilijua kwamba nikiuliza swali moja zaidi utanieleza, na ukinieleza itabidi nije. Nikasema, "Haya Baba, uza vizuri." Nikakata simu. Ijumaa ikaja, hukupiga. Mimi nami sikupiga. Nilisoma. Kila nilipokukumbuka nilijiambia wazee huwekewa dripu kwa malaria, watu wanawekewa kila siku. Nilifaulu ule mtihani, Baba. Nilifaulu vizuri.

Siku tisa baadaye Shaibu akanipigia. Kwangu ilikuwa mchana, kwenu asubuhi. "Hadija, Baba hatunaye. Tunamzika leo baada ya Adhuhuri." Nyuma yake nilisikia wanawake wanalia, na sauti ya Mama sikuisikia.

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye ule msikiti. Nikamkuta imamu, mzee wa Kichina mwenye ndevu chache, nikamwomba wakuswalie ukiwa mbali. Akanieleza kwa upole kwamba kwa madhehebu yao hawamswalii maiti asiyekuwepo, ila angekuombea dua. Akainua mikono. Wazee watatu waliokuwa kwenye benchi nao wakainua. Kiarabu chao kina lafudhi ya kwao, lakini jina lako alilitaja sawasawa: Saidi bin Mfaume. Nilisimama uani pale nikatamani anifukuze. Alidhani anamwombea dua baba wa binti asiye na kosa.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu akatupeleka juu ya ukuta. Ndani yake ni udongo, Baba, udongo ulioshindiliwa kwa nguvu, na tofali ni ganda la nje tu. Tabaka za chini, alisema, walichanganya na chokaa na uji wa mchele unaonata. Nikatoa simu mkobani, nikatafuta namba yako. Kidole kilikuwa tayari juu yake ndipo nikakumbuka.

Nilirudi nikiwa na cheti. Shangazi Somoe ndiye aliyenieleza yaliyotokea wodini. Ulimshika Shaibu mkono ukamwapisha: "Usimwambie Hadija mpaka amalize." Mama naye kila siku alimsihi Shaibu anipigie, na Shaibu kila siku alimjibu, "Nampigia, hapatikani." Baada ya mazishi Mama akajua kwamba hakupiga hata mara moja. Shaibu akasema ni amri yako. Mama akamwambia mbele ya watu wote, "Umemzuia mtoto asimzike baba yake." Tangu siku hiyo hajala naye sinia moja, wala salamu yake haitikii.

Usiku wa kwanza wa kurudi kwangu Mama alinikumbatia, akasema, "Ungejua, mwanangu, ungekuja."

Nikamjibu, "Ningekuja, Mama."

Ndivyo nilivyomjibu. Shaibu alikuwa amekuja kunipokea, amesimama nje ya dirisha na begi langu mkononi, hakuthubutu kuingia. Alisikia. Aliliweka begi mlangoni akaondoka. Miezi miwili sasa majirani wananipa pole, wananiita maskini Hadija aliyefichwa, nami napokea. Kaka yangu anabeba aibu yangu Nachingwea, na hajui kama ni yangu. Yeye aliitii kauli yako. Mimi sikuambiwa nisiulize, na sikuuliza.

Ulinifanyia wema, Baba, uliponidanganya. Lakini nadhani ulijua kwamba nimesikia. Ulikaa kimya kidogo kabla sijakata simu, kama mtu anayesubiri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko kifo chenyewe.

Nakuahidi hivi. Kesho nitapanda basi la kwanza kwenda Nachingwea. Nitamwambia Shaibu kwanza, peke yake, ili akitaka kunitukana anitukane. Kisha nitarudi naye hapa, nitakaa mbele ya Mama, nitamwambia habari ya kitanda cha sita na habari ya ufuta. Sijui atanifanya nini. Huenda kimya kile alichompa Shaibu akanipa mimi, na mimi nitakula peke yangu. Na iwe hivyo, mradi Shaibu aitikiwe salamu na mama yake.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, Baba. Sikuombi unijibu. Buriani.

Mwanao aliyesikia,
Hadija