Vitambaa Vyekundu Kwenye Matope ya Mama

Ufuo wa Kobuola,
S.L.P. 214,
Homa Bay.

12 Julai 2025

Mpendwa ndugu yangu Nicanor,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kwale, wewe na mkeo Jerusha, na kwamba mtoto Valary ameacha kukohoa. Kama bado, mpakeni mafuta kifuani na msimlaze karibu na dirisha, hewa ya bahari ina unyevu. Sisi huku tunapumua. Nikisema hatujambo nitakuwa nakudanganya.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi, ili Jerusha naye asome. Kwa Dholuo ungemtafsiria yale unayotaka tu. Na nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu wewe husoma, unanitumia kidole gumba, kisha unanyamaza.

Mguu wa mume wangu Boaz unapona. Mahindi ya shamba la juu yalikauka, ya bondeni yamesimama. Hayo ndiyo mazuri niliyokuwa nayo, nimeyamaliza.

Sasa nikueleze ya Mama.

Mlipokuja Aprili, wewe na wenzako watatu na lile gari jeupe, mlituambia kazi yenu huko pwani ni kuhesabu viumbe wanaoishi kwenye nyasi za baharini, kwenye mizizi ya mikoko na ndani ya matope. Mkasema sasa mnataka kulinganisha na matope yetu ya ziwani, chini ya togo, haya mafunjo tunayosukia mikeka. Nilichinja kuku wawili. Pale sokoni ninapouza samaki nilijigamba juu yako mpaka wenzangu wakachoka. Hilo nalikiri.

Wenzako walikuwa na chupa na mabomba, lakini hawakujua pa kukanyaga. Aliyejua ni Mama. Miaka arobaini anakata togo pale, na hiyo mikeka ndiyo iliyokupeleka shule. Anajua kila shimo ambamo kamongo dume, yule samaki wa matopeni, hulinda mayai yake. Yeye mwenyewe hajawahi kuonja kamongo, kama wanawake wengi wa zamani wa kwetu, lakini anamjua kuliko wanaomla. Alikuwa anasimama, anatazama mapovu, anasema hapa. Mwenzako mmoja alisema kazi ya miezi mitatu imeisha kwa siku mbili.

Jerusha, wewe hujaiona desturi yetu, basi nikuambie. Masika yakianza, Mama hupinda mashina mawili ya togo pale njia inapoingia matopeni, akayafunga fundo. Ukiliona unarudi. Maana yake ndani kuna watoto wa samaki, waachwe mpaka wakue. Alifundishwa na mama mkwe wake, na sijawahi kuona mtu akilivuka, hata mlevi. Fundo linakuambia usiingie. Halikuambii mayai yako wapi.

Ninyi mlitaka kujua yako wapi. Jioni mliyoondoka, ukampa Mama vitambaa vyekundu, ukamwomba afunge kimoja kwenye kila shimo, mkirudi mhesabu tena. Nilikuwepo, nimeshika sufuria ya chai. Alikuambia, "Mwanangu, fundo hufungwa mlangoni, halifungwi kitandani." Ulicheka, ukasema ni siku tatu tu. Kesho yake akaingia peke yake, akafunga vitambaa thelathini na kimoja, kwa sababu aliyemwomba ni wewe. Mtu mwingine angemfukuza.

Siku tatu zikawa wiki tatu. Mama akanituma nikupigie aruhusiwe kuvitoa. Ulinijibu, "Dada, viacheni, hiyo ni data yetu." Baadaye nikasikia uko Nairobi kwenye mkutano.

Mwezi wa Mei wakaingia na mikuki. Si wageni, usijidanganye, ni vijana wa hapahapa. Kamongo dume hakimbii akiwa na watoto, unamkuta palepale shimoni. Walikwenda kitambaa kwa kitambaa. Binamu yetu Jacktone alikuwa mmoja wao, wala hakuona haya. Aliniambia, "Sasa sister, tangu lini mtu anawekewa alama halafu anapita tu? Tulidhani imeruhusiwa." Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona mjinga huyu ana hoja, nikazidi kukasirika, na hasira ile haikuwa yake.

Mama alivikuta vitambaa vinaelea. Mashimo yote thelathini na moja yalikuwa matupu. Alikaa pale matopeni mpaka nikaenda kumtoa.

Lililofuata ndilo baya zaidi. Watu walikuwa wamemwona akifunga vile vitambaa peke yake, gari lenu likiwa limeshaondoka. Wakasema amewauzia wenye mikuki mazalia. Joyline, ambaye amesuka naye tangu sijaolewa, hapokei tena salamu yake. Mama hapiti njia ya kisimani mpaka wenzake wamalize kuteka.

Tarehe kumi na nne Juni kamati ya ufuo ikamwita. Mwenyekiti Obare alimuuliza kwa heshima ni nani aliyemtuma. Mama akasema, "Mkono ni wangu." Akaulizwa mara ya pili na ya tatu, akarudia hilohilo. Nilisimama niseme ninachojua, akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikaketi. Basi wakamkataza kuingia kwenye togo mwaka mzima. Mikeka yake miwili imebaki nusu, imeegemea ukuta wa jikoni. Kutwa anakaa mlangoni, mikono mapajani. Mimi sijamwona Mama akikaa hivyo maishani mwangu, na linaniuma, Nicanor, linaniuma sana.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini nikachapiwa ile ripoti uliyonitumia kwa simu. Kurasa thelathini na nane, za Kiingereza, nimezisoma zote polepole. Kila mnyoo wa matopeni mmempa majina yake mawili. Mwishoni mmewashukuru "wenyeji kwa ushirikiano wao". Mama hayumo. Kisha mkashauri wenyeji waelimishwe jinsi ya kutunza mazalia ya samaki. Hapo nilifunga karatasi nikatoka nje, maana Boaz alikuwa ananiuliza nacheka nini, na sikuwa nacheka.

Sitaki pesa zako. Sitaki unipigie simu kunieleza mambo ya ofisi yenu, wala unitumie kidole gumba. Kamati inakaa tena Jumamosi, tarehe mbili Agosti. Panda basi. Simama mbele ya wale wanawake wa kisimani, mbele ya Joyline, useme kwa kinywa chako kwamba vitambaa vilikuwa vyako na kwamba Mama alikukataza. Ni maneno machache, hayafiki hata nusu ukurasa. Usipokuja nitayasema mimi, na siku hiyo nitakaa mbali na mkono wa Mama.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kitambaa kimoja. Bado kina tope, sikukifua.

Nimewaza sana kabla ya kuandika hili, na nimeona nisiliache. Katika ripoti yako jina la Mama halimo. Katika kikao cha kamati jina lako pia halikutajwa. Wewe la kwake ulilisahau. Yeye la kwako alilificha, mara tatu, mbele ya watu wanaomtemea mate.

Boaz anakusalimu. Nisalimie sana Jerusha, yeye hana kosa, na umbusu Valary. Mama hajui kama naandika. Asubuhi aliniuliza kama mtoto ameacha kukohoa, nikamwambia nitakuuliza.

Mungu akuweke salama njiani, kama utaianza hiyo njia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na ambaye bado nimekukasirikia,

Filister