Bia ya Kreti na Bia ya Tangi la Tatu

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Ghati,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta umesimama bila kushika kiuno, maana mara ya mwisho uliniambia mgongo umekukamata tangu palizi. Umeacha kubeba madebe ya maji peke yako? Na mvua hapo Gorong'a imefikia wapi? Huku joto halina adabu, mtu anaoga na kabla hajajifuta ameshalowa tena. Mimi mwili ni mzima, nakula, naenda kazini na kurudi. Ila nimechoka, dada, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe ukipokea simu unaweka spika, nyumba nzima inasikiliza mpaka jirani. Haya nataka uyasome wewe kwanza, halafu utaamua mwenyewe nani ajue.

Barua analeta mwalimu mgeni aliyepangiwa shule ya hapo kwenu. Ni mtu wa Lindi, hajui neno hata moja la Kikurya na anaogopa baridi. Mpe uji wa moto.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Mwita, hiyo bia yenu ya wakubwa ina nini ambayo ya kreti haina?" Nikakujibu ovyo kwa sababu shemeji alikuwa anacheka huko nyuma. Sasa nitakujibu vizuri, na katika kujibu utaelewa kilichonipata.

Unajua kiwanda kikubwa nilikaa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita, natafuta uchafu. Ilifika mahali nikifumba macho kanisani naona chupa. Wenzangu wa sasa wanaidharau bia ya kule, wanasema ni maji ya rangi. Mimi siidharau. Mpishi mkuu wa kule alikuwa akisema, "Kazi yetu sisi ni mnywaji asishangae." Na ni kweli. Kaka Chacha akitoka shimoni kuchimba dhahabu Nyangoto na vumbi mpaka kwenye kope, anafungua chupa huku anajua kabisa atakachokikuta. Akienda Mtwara atakikuta kilekile. Kila kitu kinapimwa na mashine, na mtu mmoja akiumwa, bia wala haina habari.

Kwa Bwana Deo, bosi wangu wa sasa anayepika hiyo bia ya wakubwa, ni matangi manne tu nyuma ya mgahawa. Nilipelekwa pale na jirani yangu kumsaidia kushusha magunia, na nilipofika getini nikasikia harufu ya kimea. Nikasema, "Hiki kimeungua upande mmoja." Bwana Deo akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia, "Dada yangu angenichapa." Wiki iliyofuata akaniajiri kuwa mpishi wake, mimi niliyekuwa nikitumwa na wewe kugeuza unga wa pombe kwenye bati la moto huku tata, baba yetu Mungu amrehemu, akigomba kwamba mtoto wa kiume hapiki amarwa, pombe kazi yake ni kuinywa.

Pale hakuna tangi linalofanana na mwenzake. Moja linatoka na harufu ya ndizi mbivu, lingine la mkate, lingine linakuwa chungu kama mwarobaini na kuna watu wanalipenda hilohilo. Wateja wanakuja kwa sababu hawajui watakutana na nini. Na anayelinda yote hayo ni mtu mmoja na pua yake. Hapo ndipo ilipo tofauti, dada. Ukiniuliza pombe yako ya ulezi iko upande gani, nitasema iko upande wa Deo, ila wewe hujawahi kuibandikia karatasi ya kuisifia.

Sasa masika yaliyopita niliugua mafua makali na homa. Nilipopona, pua haikurudi. Chai ikawa maji ya moto, dagaa wakawa kama karatasi yenye chumvi. Nikasema itarudi kesho. Wiki zikapita. Kwa Bwana Deo nilinyamaza, kwa sababu mpishi wa bia asiyesikia harufu ni sawa na dereva asiyeona. Nikawa natazama rangi na povu, naonja kwa kujifanya, natikisa kichwa. Miezi miwili, dada, nilitikisa kichwa.

Kuna mama mmoja anaitwa Yusta, ndiye aliyekuwa akiosha matangi. Ni mlokole, pombe hajaionja maishani mwake, na husema kuosha si dhambi. Siku moja aliniita asubuhi.

"Kaka Mwita, hili tangi la tatu mbona linanuka siki?"

Tangi la tatu lilikuwa la sherehe ya kumuaga bibi harusi, bia ya ulezi, ile niliyomfundisha Bwana Deo mimi mwenyewe. Niliinamia mfuniko nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Badala ya kumwita Bwana Deo, nikamwambia, "Wewe hunywi, utajua nini?" Yusta akachukua brashi yake akaondoka.

Kwenye sherehe nilikuwepo, ndiye niliyemimina. Baba wa bibi harusi akanywa mara moja, akaiweka glasi chini polepole kama mtu anayeweka yai. Meza ya pili wakakunja nyuso. Msema chochote akajaribu kutania, kisha nikaona vijana wawili wanatumwa kwa bajaji. Walirudi na kreti za bia ya kiwandani, na watu wakashangilia, wakashangilia kweli, kama waliookolewa. Nilisimama na jagi langu mkononi hadi mhudumu mmoja akaniomba nisogee.

Kesho yake Bwana Deo alisema tangi halikuoshwa. Akamfukuza Yusta mbele yetu wote. Yusta alinitazama. Nikatazama sakafu.

Nilikaa hivyo siku tatu. Sikuweza kula, na si kwa sababu ya pua. Siku ya nne nilimwahi Bwana Deo mezani kwake kabla kazi haijaanza.

"Bosi, Yusta aliniambia tangi linanuka siki. Mimi nikampuuza."

"Kwa nini?"

"Sisikii harufu yoyote. Tangu masika."

Akaweka kalamu chini. "Sasa muda wote huu ulikuwa unaonja nini?"

"Maji, bosi. Kila kitu ni maji."

Hakunipigia kelele. Alitoka akaenda kusimama kwenye matangi, aliporudi akasema, "Nenda kamlete. Wewe mwenyewe."

Nilimkuta Yusta kando ya barabara anachoma vitumbua. Hakunikaribisha kiti. Nilimweleza yote nimesimama, akawa anageuza vitumbua mpaka nikamaliza.

"Ulinyamaza siku tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Hizo siku tatu ulidhani wanangu wanakula nini?"

Nilimwomba arudi kazini, dada. Alikataa kuja. Nilirudi kesho yake, akakataa. Wiki ilipoisha alikuja mwenyewe kwa sharti moja, Bwana Deo aseme mbele ya walewale waliomwona akifukuzwa kwamba tangi lilikuwa safi. Bwana Deo akasema, nami nikasema baada yake. Kisha akampa Yusta kazi ya kunusa. Yusta akamjibu, "Nitanusa, sitaonja." Mimi ndiye ninayeosha matangi sasa. Naingia ndani na brashi, natoka nimelowa, mgongo umeanza kufanana na wako. Kule kiwanda kikubwa wangenichukua tena, pale pua haina kazi. Nilifikiria sana. Nimebaki.

Daktari anasema huenda itarudi, huenda isirudi. Hakuna dawa aliyonipa zaidi ya kuniambia nivumilie.

Alhamisi tulipika tena bia ya ulezi, ya kwanza tangu aibu ile. Bwana Deo alikuwa safarini. Yusta akafungua mfuniko, akaniita nikiwa bado na buti za kuoshea. Ananisemesha mambo ya kazi tu, hatujafika kwenye utani. Akasema, "Sijui niiteje. Ni kama mvua imepiga majivu ya jikoni. Halafu chini yake kuna kitu kama ganda la mkate."

"Siki?"

"Hakuna."

"Inachoma puani?"

Akainama tena, akavuta pumzi. "Kidogo, mwishoni. Inachoma halafu inaacha."

Nilisimama pale nikaiona bia yote, dada, mpaka rangi ya lile bati letu. Nikamwambia, "Funga. Imeiva." Akafunga, akaandika kwenye daftari jina lake, na chini yake akaandika langu.

Nisalimie shemeji Marwa, mwambie ng'ombe wangu asimuuze. Mwanao Bhoke akazane na hesabu. Kaka Chacha akitoka Nyangoto mwambie shimo lina wenyewe, aje ashike jembe. Mjomba wetu wa Nyambureti mpe shikamoo yangu, na mama mkwe wako umwambie nalikumbuka lile blanketi alilonifunika nikisafiri. Mwalimu akinyamaza sana usimwache akae peke yake.

Usiniombolezee. Pika, uza, pumzisha kiuno.

Ni mimi mdogo wako, uliyemsomesha kwa ulezi,
Mwita