Birika Lililokwenda Kushoto

Jomvu Kuu,
Mombasa.
22 Julai 1988

Mpendwa Dada Tima,

Shikamoo, na salamu za kutamani sana kukuona. U hali gani wewe na shemeji huko Maskati? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila goti la Mama bado linamsumbua.

Sasa kaa kitako, dada. Nimefaulu! Unajua mkaguzi wa chuo aliniangusha mara ya kwanza, na ningeanguka tena, ualimu ningeuona kwa wenzangu tu.

Somo lilikuwa kuzipa majina kemikali zenye kaboni sita zilizoshikana duara. Nilichora moja ubaoni, kaboni moja imebeba bromini, na nyingine klorini. Unaanza na bromini, kisha unahesabu upande ulio karibu na klorini, ipate namba ndogo. Hapa upande huo ulikuwa kushoto, na klorini ni ya tatu. Bwana Nicanor, mkaguzi, kaketi nyuma na kalamu yake. Nikauliza klorini ni ya ngapi. Darasa zima likajibu, "Ya tano!"

Nikamuuliza Badi, mwanafunzi wa hapa hapa Jomvu, kwa nini amehesabu kulia.

"Wallahi mwalimu, maji ya kunawa si huzunguka kwa kulia?"

Nilicheka mbele ya mkaguzi! Ndivyo tulivyolelewa sote: birika huanzia kwa mkubwa, likazunguka sinia kwa kulia. Basi nikawaketisha sita chini, duara, kama wanaotaka kula. Badi akawa bromini, Khamis klorini. Nikawaambia leo tunaanzia kwa Badi, na Khamis ana njaa, mfikieni kwa njia fupi. Birika likaenda kushoto. "Bromo moja, kloro tatu!" Walipiga kelele mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Bwana Nicanor akainuka, akachora nyingine ngumu zaidi. Wakaipa jina bila kukosea. Akanipa mkono pale pale.

Nawe ndiwe uliyembembeleza Baba anisomeshe kwanza, mambo ya posa yangoje. Basi sikiliza. Jioni tulipozunguka sinia, Baba alichukua birika mwenyewe, akampita Mama, akawapita kaka zetu, akaanza kuninawisha mimi. Nililia, dada, maji na machozi pamoja.

Mama, Baba na Bibi Mishi wanakusalimu. Msalimie shemeji na umbusu Mwanasaumu mdogo. Mungu akulinde na akurudishe kwetu salama.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Mwalimu Kulthum