Amekufa Akisalimia

Mpendwa Baba Kulwa,

Watu wa Samuye bado wanakusifu, na sifa zao zinanishtua kuliko ajali yenyewe.

Unakumbuka safari zetu za kupeleka mpunga Shinyanga, mimi pembeni yako, kuku wangu miguuni? Kila mzee tuliyempita ulimwamkia kama kwenu Usumbwa: unaachia usukani, unainama, unapiga makofi polepole kwa viganja vyote viwili, shingo umemgeuzia hadi akuitikie. Njia nikawa naiangalia mimi, nisiyejua hata breki iko wapi. Nilipokusihi walau mkono mmoja ubaki kazini, ulicheka. "Mama Kulwa, usukani ni chuma, haununi. Mzee hununa."

Siku ile, yule mzee aliyekuwa anaswaga ng'ombe alikuitikia kwa kirefu. Mwangaluka, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, nawe ukamjibu zote. Njia ikakata kona kabla ya korongo, sisi hatukukata. Mimi niliamka na bega limeteguka. Wewe hukuamka.

Matangani nikasikia makubwa. Huyu anasema korongo lile lina wenyewe. Yule anasema madereva wenzako walikuonea wivu. Halafu mzee wa ng'ombe akasimama, kifua mbele kama aliyevishwa nishani: "Amekufa akinisalimia mimi." Watu wakaguna kwa kuridhika. Nikasema mikono yako ilikuwa hewani. Shangazi yako akaninong'oneza nisimtukane marehemu.

Sasa Kulwa ni mtu mzima, anaendesha lori njia ileile. Mwanzoni sikugusa chakula mpaka nisikie injini uani. Wazee anawaamkia kwa mdomo, macho mbele, mikono kwenye usukani, wala hapunguzi heshima hata chembe. Lakini juzi wanawake wa Samuye walinifuata sokoni kunionya: mwanangu ana kiburi, hapigi makofi, marehemu baba yake alikuwa mtu wa adabu.

Nikawajibu ni kweli, nimemlea vibaya. Na kila jioni huyo mkosa adabu anarudi kula ugali wangu.

Hawakucheka. Walinihurumia, Baba Kulwa. Mimi!

Lala salama, mume wangu. Huko uliko naamini hakuna kona. Wasalimu wote upendavyo.

Mkeo,
Mama Kulwa